THUREA ZA ZAMANI NA NAMNA YA KUZITUNZA



Ndugu zetu wanafunzi, kila unapoingia mwezi wa Shaabani misikiti husafishwa kwa ajili ya kuipokea Ramadhani, na mara nyingi sisi wanafunzi ndio tunaoitwa mwanzo. Mikeka hukung'utwa, kuta hupakwa chokaa, makabati ya misahafu hupangwa upya. Kisha mtu hunyanyua macho juu, akaiona taa kubwa iliyojaa vumbi, akauliza: "Nani atapanda?" Makala yetu inahusu swali hilo. Taa kongwe ikivunjika haipatikani nyingine mfano wake, na ikianguka, chini yake wamo watu wanaosali.

THUREA NI NINI?

Thurea ni taa ya kuning'inia yenye matawi mengi, na aghalabu hupambwa kwa vipande vya kioo. Jina lake limetokana na Kiarabu, thurayya, ambalo pia ni jina la kundi la nyota tunaloliita Kilimia. Taa iliitwa hivyo kwa sababu mianga mingi imekusanyika mahali pamoja kama nyota zile.

Misikitini taa za kuning'inia ni za tangu zamani. Katika karne ya 13 na ya 14, mafundi wa Misri na Sham, zama za Mamluk, walitengeneza taa za kioo zilizonakshiwa kwa rangi na dhahabu, na nyingi ziliandikwa maneno ya Aya ya Nuru (24:35). Thurea za kioo chenye matawi zilikuja baadaye, na mafundi wake mashuhuri walikuwa wa Murano karibu na Venice, na wa Bohemia, ambayo leo imo ndani ya Jamhuri ya Cheki.

Mwaka 1674, George Ravenscroft wa London alipewa haki ya pekee ya kutengeneza kioo cha namna mpya, na katika miaka iliyofuata kioo kilichotiwa madini ya risasi kikaenea. Kioo hiki ni rahisi kuchongwa na huupasua mwanga ukatoa rangi, lakini ni kizito. Thurea maarufu ya kasri la Dolmabahçe mjini Istanbul ina taa 750 na uzito wa tani 4.5. Hivyo basi, anayetaka kuitunza thurea na atazame kwanza kile kinachoishika, kabla ya kile kinachong'aa.

MAADUI WA THUREA

Adui wa kwanza ni hewa yetu ya pwani. Chumvi na unyevu huila shaba na kuiotesha kutu ya kijani, na huvila vile vikulabu vyembamba vya waya vinavyoshika vioo. Adui wa pili ni umeme wa kale. Thurea nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya mishumaa au mafuta, na nyaya zikapitishwa ndani ya matawi baadaye. Mpira au kitambaa kilichofunika nyaya hizo hukauka na kumomonyoka kwa joto. Adui wa tatu ni mkono wenye haraka, na huyu ndiye anayevunja taa nyingi zaidi.

NAMNA YA KUISAFISHA

1. Zima umeme kwenye swichi kuu ya jengo. Usitosheke na swichi ya ukutani. Kisha iache taa ipoe kabisa.

2. Fundi akague kulabu, mnyororo na nati ya fimbo ya katikati. Kulabu iwe imeshikwa na boriti nzima, wala si ubao wa dari. Boriti iliyoliwa na mchwa haifai hata kama kwa nje inapendeza. Pakiwa na shaka, watu wasikae chini yake mpaka itengenezwe.

3. Usiizungushe taa. Hili ndilo kosa kubwa. Msafishaji akishamaliza upande mmoja huizungusha ili aufikie wa pili. Ukiizungusha, nati ya katikati huweza kulegea kidogo kidogo mpaka taa nzima ikafunguka na kuanguka. Hamisha ngazi, taa ibaki ilivyo.

4. Tandika mablanketi sakafuni. Apande mtu mzima mzoefu, na mwingine aishike ngazi.

5. Vumbi liondolewe kwa brashi laini kila baada ya miezi michache. Taa inayopanguswa hivyo haihitaji kufutwa kwa maji mara nyingi.

6. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa katika maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni isiyo kali. Kipitishwe kitambaa cha maji matupu, kisha kikavu. Usipulizie dawa wala maji juu ya taa, kwani hupenya kwenye nyaya na kwenye vikulabu.

7. Shaba isisuguliwe kwa limau, ukwaju, majivu wala mchanga. Sinia la nyumbani hustahimili, lakini shaba ya thurea huenda imepakwa dhahabu nyembamba sana, nayo ikishatoka hairudi. Kitambaa kikavu kinatosha.

8. Ikilazimu kuvua vioo, piga picha kwanza pande zote, na kila kipande kifungiwe namba yake. Kikulabu kilichokatika kibadilishwe kwa waya wa shaba. Waya wa chuma hushika kutu na kukitia kioo madoa.

9. Kazi ya nyaya ni ya fundi umeme peke yake. Globu za LED zinafaa kwa taa za namna hii, kwani joto lake ni dogo na hazizilemei nyaya.

Kioo kilichovunjika kisitupwe. Kifungwe kwenye karatasi na kuwekwa, kwani ndicho kitakachomwonesha fundi kipimo na mchongo wa kipande kipya.

KUMBUKUMBU

Kwa miaka mingi wageni wa Dolmabahçe waliambiwa kuwa thurea ile ilikuwa zawadi ya Malkia Victoria wa Uingereza. Mwaka 2006 zikapatikana karatasi zinazoonesha kuwa ilinunuliwa na kulipiwa. Ikiwa taa ya kasri la Sultani ilipotelewa na habari zake, taa za misikiti yetu je? Hii ndiyo kazi inayotufaa sisi wanafunzi. Tuwaulize wazee: taa hii ililetwa mwaka gani, na nani aliiweka wakfu? Tuyaandike majibu katika daftari la msikiti, pamoja na idadi ya vioo na tarehe ya kila ukaguzi.

Basi Shaabani ijayo, akiuliza mtu "Nani atapanda?", jibu letu liwe: kwanza azimwe umeme, na aitwe fundi aitazame kulabu. Sisi tutashika daftari na ngazi. Aliyeiweka taa ile wakfu alikusudia iwaangazie na watakaokuja baada yetu, na kwa sasa amana hiyo iko mikononi mwetu.

Wabillahi tawfiq.