Maana ya "Akaunti ya Kigeni" katika Sheria ya Marekani

Neno "kigeni" hutegemea mahali asimamapo mwenye kulisema. Kwa raia wa Marekani akaaye Mombasa, benki ya mtaani kwake si ya kigeni hata kidogo. Ndiko apokeako mshahara na kulipia karo ya watoto. Lakini sheria ya Marekani haipimi ugeni kwa makao ya mtu, bali kwa mipaka ya nchi yake. Akaunti iliyo nje ya mipaka hiyo ni ya kigeni, hata kama mwenyewe hajakanyaga Marekani tangu utotoni. Jambo hili lawahusu pia Wakenya walio raia wa Marekani, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yaruhusu uraia wa nchi mbili.

Asili yake ni Sheria ya Siri za Benki ya mwaka 1970. Raia ambaye jumla ya fedha zake katika akaunti za nje ilizidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka hana budi kuzitaja zote. Yafaa kuyaangalia maneno "jumla" na "wakati wowote". Akaunti tatu zenye dola 4,000 kila moja hazifikii kiwango zikitengwa, bali zikijumlishwa zimekipita. Na fedha zilizokaa siku moja tu zatosha kuleta wajibu.

Tena, atakiwaye kutoa taarifa si mwenye mali peke yake. Mweka hazina wa chama, au mtoto atiaye saini katika akaunti ya mama yake mzee, naye huenda akawajibika, ingawa fedha zile si zake.

Taarifa hii si kodi, wala haiambatani na hesabu za kodi ya mapato. Hupelekwa peke yake, kwa njia ya elektroniki, kwa idara ya Wizara ya Fedha ishughulikiayo uhalifu wa fedha. Siku yake ni 15 Aprili, na aliyechelewa huongezewa muda hadi 15 Oktoba bila kuomba. Hailipiwi chochote, ndiyo sababu asiyedaiwa kodi hudhani kuwa haimhusu.

Hatari ya dhana hiyo yaonekana katika kesi ya Alexandru Bittner, mzaliwa wa Romania aliyepata uraia wa Marekani, kisha akarejea kwao mwaka 1990. Kwa miaka mitano hakupeleka taarifa kwa wakati. Kosa lake halikuhesabiwa kuwa la makusudi. Hata hivyo serikali ilihesabu akaunti 272, ikamdai dola milioni 2.72. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba kihesabiwacho ni taarifa, wala si akaunti. Basi makosa yakawa matano, na faini ikawa si zaidi ya dola 50,000.

Kwa hiyo mfasiri aandikaye maelezo ya sheria hii kwa Kiswahili asitosheke na "akaunti ya kigeni". Na aandike "akaunti iliyo nje ya Marekani", ili msomaji ajitambue humo kabla ya faini kumtambulisha.