Umeacha Sima, Lakini Mafuta Je?

Wakazi wengi wanaokuja kuuliza kuhusu lishe ya keto huwa tayari wameianza. Wameacha sima, wali, chapati na mihogo. Wamebaki na sukuma wiki ya kuchemsha na kipande cha kuku aliyetolewa ngozi. Baada ya wiki mbili hawana nguvu, na usiku wanaamka kutafuta mkate. Wanasema keto imewashinda. Kwa kweli hawajaianza. Walichofanya ni kujinyima chakula.

Keto ni lishe ya mafuta. Wanga hushushwa hadi chini ya gramu 50 kwa siku, protini huwa ya kiasi, na takriban asilimia 70 au zaidi ya kalori hutoka kwenye mafuta. Ini huyageuza mafuta hayo kuwa ketoni, ambazo ubongo na misuli huzitumia badala ya sukari. Mwanzo wake haukuwa kupunguza unene. Mwaka 1921, Dkt Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, aliipendekeza kwa wagonjwa wa kifafa, na mpaka leo hospitali huitumia kwa watoto ambao dawa hazijawasaidia, kila gramu ikipimwa.

Tupige hesabu. Mtu anayehitaji kalori 1,800 kwa siku atapata 1,260 kutoka kwa mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hivyo ni gramu 140. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama gramu 14. Hivyo ni vijiko 10! Anayetaka kupungua anaweza kula pungufu ya hapo, kwa sababu mwili wake utachoma akiba yake, lakini hawezi kuyaondoa mafuta akabaki salama na mwenye nguvu.

Hakuna anayekunywa mafuta kwa kijiko. Yanagawanywa katika milo. Parachichi moja la wastani lina gramu 20 hadi 30, yai moja gramu 5. Hapa Pwani tuna nazi: tui zito la kwanza ndilo lenye mafuta mengi, lile la pili ni maji zaidi. Mchicha wa nazi au samaki wa kupaka ni mlo wa keto ambao bibi zetu walipika bila kuujua kwa jina hilo, mradi usiusindikize na wali. Mbaazi za nazi, hata zikiwa na tui jingi, hazifai kwa sababu mbaazi zenyewe zina wanga mwingi. Korosho nazo zina mafuta, lakini gramu 100 zina wanga wa karibu gramu 30, basi ziwe chache. Maji ya dafu hayana mafuta, yana sukari.

Mafuta ya nazi na samli husaidia kufikisha kiwango, ila kwa watu wengi huongeza lehemu mbaya kwenye damu. Usiyategemee peke yake. Changanya na parachichi, simsim, karanga kiasi, na samaki wenye mafuta kama vibua. Mafuta yaliyokaangia viazi mara nyingi yaache.

Kichwa kinachouma siku za kwanza mara nyingi husababishwa na maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Kunywa maji na supu. Mwenye shinikizo la damu aulize kwanza kuhusu chumvi.

Wapo wasiopaswa kujaribu bila daktari: wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye ugonjwa wa figo, ini, kongosho au nyongo. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi akiacha wanga ghafla huku dawa ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi azimie. Asipunguze dawa mwenyewe pia. Afike kliniki kabla ya kubadilisha chakula. Wanaotumia dapagliflozini au empagliflozini wako katika hatari ya ketoni kuzidi na damu kuwa na asidi, hata kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida.

Ukitetemeka, ukitoka jasho na kuchanganyikiwa, kunywa maji ya sukari mara moja, kisha nenda kituo cha afya. Ukitapika, tumbo likiuma na pumzi ikawa ya haraka na ya kina, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali, na uwaambie uko kwenye keto.