Unanipigia Ukiwa Tayari Umeshika Kalamu

Jumamosi ikifika saa nane mchana, simu yangu huanza. Anayepiga huwa ananong'ona, maana yumo ndani ya ofisi ya mikopo ya yadi ya magari, karatasi ziko mezani, na mwuzaji ametoka kidogo kuchapisha nyingine. "Fundi, nimepata Camry ya 2023, safi kabisa. Wanasema niongeze waranti, ni dola sitini tu kwa mwezi. Nichukue?"

Swali hili nimewajibu Wakenya, Watanzania na Wakongomani wa hapa Columbus mpaka mke wangu siku hizi hulijibu mwenyewe kabla hajanipa simu. Leo nalijibu kwa maandishi, angalau Jumamosi moja nile wali ukiwa wa moto.

Tuanze na hizo dola sitini. Umetajiwa ukubwa wa tonge, sinia hujaonyeshwa. Tuseme mkataba wenyewe ni dola 2,800. Ukiuingiza ndani ya mkopo wa gari wa miezi 60 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, unalipa dola 62 na senti kila mwezi, na ukimaliza zimekutoka dola 3,737. Zaidi ya dola 900 zimekwenda kwa mkopeshaji. Halafu ile 2,800 ilikuwa bei ya kupatana, kama ya kitenge, ila nani anapatana akiwa ametajiwa cha mwezi peke yake?

Na angalia mchezo unavyochezwa. Kule nje, dakika kumi zilizopita, mwuzaji alikuapia kwamba Camry haifi. Mmeingia ofisini, Camry ileile imekuwa mgonjwa wa kulazwa: itakufa gia boksi, itakufa kompyuta, itakufa eisii. Gari halijasogea hata hatua moja.

Kabla ya kununua dhamana, uliza gari lina dhamana gani tayari. Toyota hutoa miaka 3 au maili 36,000 kwa sehemu nyingi za gari, na miaka 5 au maili 60,000 kwa injini na gia boksi, kitakachotangulia. Dhamana hiyo hufuata gari. Likiuzwa, inahamia kwa mnunuzi bila malipo. Saa yake ilianza kuhesabu siku gari lilipoingia barabarani mara ya kwanza. Camry iliyoanza kazi katikati ya 2023 na ina maili 34,000 bado injini yake iko mikononi mwa kiwanda mpaka katikati ya 2028, au mpaka imalize maili nyingine 26,000. Katalitiki na kompyuta ya injini zinalindwa na sheria ya shirikisho kwa miaka 8 au maili 80,000. Ikiwa ni haibridi, betri yake kubwa ina miaka 10 au maili 150,000, kwa modeli za kuanzia 2020. Huo mkataba wa miaka mitano unaosaini leo, sehemu yake unanunua kitu ambacho tayari unacho.

Haya yote nayavumilia. Nisichokivumilia ni ule msemo wa "bampa hadi bampa". Kila anayenipigia anao, anautamka kama dua: "Fundi, hii inashika kila kitu, bampa hadi bampa." Hakuna mkataba wa namna hiyo. Nimesoma mingi, na ule ulio mpana kuliko yote una kurasa za visivyoshikwa: breki pedi, tairi, betri ndogo, waipa, klachi, taa, vitu vya ndani, kutu, ubovu uliokuwapo kabla ya kununua, na kila kilichoharibika kwa sababu ya kitu kingine ambacho nacho hakishikwi. Kisheria hata jina la waranti halistahili. Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975 inauita mkataba wa huduma, nawe unaulipia mbali na gari.

Mwaka juzi mama mmoja aliletewa Corolla yake kwangu na bredauni. Pampu ya maji ilikuwa imevuja kwa wiki kadhaa. Chini ya injini palikuwa na ukoko wa rangi ya waridi, maji ya rejeta ya Toyota yakikauka huwa hivyo. Taa ya joto ilimwakia akiwa barabara kuu, naye mtoto alikuwa anamsubiri shuleni, akaendelea. Alipofika, silinda hedi ilikuwa imeshapinda. "Usijali fundi," akaniambia, akatoa bahasha, "inashika kila kitu."

Nikaipigia kampuni. Kwanza, nisifungue injini bila kibali chao. Pili, mwenye gari asaini kwamba chanzo kikionekana hakishikwi, saa zangu za kufungua atazilipa yeye. Tatu, akaja mkaguzi wao, akapiga picha ule ukoko. Nne, risiti za oili. Hapo mama akanyamaza. Oili alikuwa anabadilishiwa na shemeji yake Jumapili, kwenye maegesho ya nyumba wanayopanga, na kazi ilikuwa nzuri, nimeiona. Risiti hakuna hata moja. Siku ya tisa jibu likaja: pampu inashikwa, injini haishikwi, kwa kuwa dereva aliendelea kuendesha gari likichemka. Wakalipa pampu. Na pampu yenyewe ilikuwa ya mtumba, maana mkataba uliwaruhusu.

Sisemi kampuni ilivunja mkataba. Iliufuata mstari kwa mstari. Mama ndiye hakuwa amesomewa, na hapa nina donge langu: yadi ikiuza gari kwa mazungumzo ya Kihispania, kanuni ya shirikisho inaidai ile karatasi ya dirishani inayosema gari lina dhamana au halina iwe ya Kihispania. Kiswahili hakimo. Mpeleke mtu wa kusoma, hata kama ni binti yako wa darasa la kumi.

Kuhusu shemeji, asifukuzwe. Sheria hiyohiyo ya 1975 inamkataza mtengenezaji kufuta dhamana ya kiwandani eti kwa sababu oili haikubadilishwa kwenye gereji yake. Anunue oili na filta, aandike tarehe na maili, risiti iwekwe.

Na wale wanaopiga simu kusema "waranti ya gari lako imekwisha", kata. Mwaka 2023 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitoza faini ya karibu dola milioni 300 kwa mtandao mmoja uliopiga simu zaidi ya bilioni tano ndani ya miezi mitatu ya 2021. Hawalijui gari lako.

Sasa la kufanya, haraka haraka, maana nafasi inaniishia. Chukua namba ya chasisi, ipeleke kwa wakala yeyote wa Toyota, uliza siku gari lilipoanza kutumika. Namba hiyohiyo iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya shirikisho ya usalama wa magari, uone kama kuna hitilafu ambayo kiwanda kinatakiwa kuitengeneza bure. Kabla ya kusaini chochote, leta gari kwa fundi asiye wa yadi. Mimi natoza dola 150. Ukitaka usingizi, nunua Toyota iliyothibitishwa ya daraja la Gold, injini na gia boksi zinafika miaka 7 au maili 100,000 tangu gari lianze kazi. Zile dola 62 zifungulie akaunti yake. Ukiambiwa benki haitoi mkopo bila waranti, ipigie benki ukiwa hapohapo. Ukiung'ang'ania mkataba, chukua wa mtengenezaji mwenyewe, uulize bei kwa wauzaji watatu, na uulize maili zinahesabiwa kuanzia sifuri au kuanzia leo. Hakuna haraka ya siku hiyo: huo wa mtengenezaji kwa kawaida unauzwa mpaka dhamana ya kiwandani iishe. Kwa Camry au Corolla yenye rekodi nzuri, jibu langu ni hapana. Kwa BMW ya zamani jibu ni lingine, lakini ungeniuliza kabla ya BMW.

Aliyesaini wiki iliyopita bado hajachelewa. Mikataba mingi inarudisha fedha zote ukiivunja ndani ya siku 30, nyingine 60, mradi hujadai kitu. Baada ya hapo inarudisha kwa kadiri ya muda uliobaki. Kama ilikuwa ndani ya mkopo, fedha zitakwenda kupunguza deni, hazitakuja mkononi. Tafuta ukurasa wa kuvunja mkataba, andika barua yenye tarehe na maili ya leo, baki na nakala. Jumatatu asubuhi yadi inafunguliwa saa tatu.