Kwa nini filamu ya tamasha la Metallica haikurudisha gharama zake?

Mwezi Septemba mwaka 2013, Metallica, bendi ya Marekani iliyo miongoni mwa bendi kubwa kabisa za muziki wa hevi metali duniani, ilipeleka tamasha lake katika majumba ya sinema. Filamu hiyo, Metallica Through the Never, inatajwa kuwa iligharimu takriban dola milioni 18 kuitengeneza. Ilipoondolewa sinema, mauzo ya tiketi duniani kote yalikuwa yamefikia takriban dola milioni 8 tu. Kati ya hizo, zilizopatikana Marekani na Kanada hazikufika milioni 3 na nusu.

Kwa studio kubwa ya Hollywood, pengo kama hilo si jambo geni, kwani hasara ya filamu moja hufidiwa na faida ya nyingine. Lakini safari hii hapakuwa na studio ya kubeba mzigo. Fedha zilizowekezwa zilikuwa za wanamuziki wenyewe.

Inakuwaje bendi yenye uwezo wa kujaza viwanja vya michezo katika karibu kila bara ishindwe kujaza kumbi za sinema katika nchi yake? Jibu linahitaji kwanza kufahamu jinsi biashara ya filamu za matamasha inavyoendeshwa.

Mradi uliovuka mipaka mitatu

Metallica ilianzishwa mjini Los Angeles mwaka 1981 na mpiga ngoma Lars Ulrich pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa James Hetfield. Albamu yake ya mwaka 1991, iliyopewa jina la bendi yenyewe, imeuza zaidi ya nakala milioni 16 nchini Marekani pekee. Kufikia mwisho wa mwaka 2012 bendi ilikuwa imeunda kampuni yake ya kurekodi, Blackened Recordings, na kupata umiliki wa rekodi zake zote. Ni bendi chache za kiwango hicho zilizokuwa na uhuru wa namna hiyo.

Kwa ajili ya filamu, lilijengwa jukwaa kubwa la kuwekwa katikati ya ukumbi, likiwa na mitambo iliyowakumbusha mashabiki ziara za miaka iliyopita: kiti cha umeme, misalaba, na sanamu ya mwanamke mwenye mizani ya haki inayobomoka mbele ya watazamaji. Jukwaa hilo lilitumika kwanza katika mfululizo wa maonyesho mjini Mexico City katikati ya mwaka 2012. Baadaye likahamishiwa Kanada, ambako matamasha ya Edmonton na Vancouver yalirekodiwa mwezi Agosti kwa kamera za picha za pande tatu. Hivyo filamu ya bendi ya Marekani iliandaliwa kwa sehemu kubwa katika nchi mbili jirani zake, moja upande wa kusini na nyingine upande wa kaskazini.

Mwongozaji, Nimród Antal, hakutaka kuonyesha tamasha peke yake. Aliliunganisha na kisa cha kubuni kuhusu kijana aitwaye Trip, mfanyakazi wa bendi, anayetumwa mjini kufuata mzigo wakati onyesho likiendelea, kisha akajikuta katikati ya ghasia mitaani. Nafasi hiyo iliigizwa na Dane DeHaan. Uamuzi huo uliongeza gharama za waigizaji, magari, moto na madoido ya kompyuta, gharama ambazo filamu ya tamasha la kawaida haina.

Fedha za tiketi humwendea nani?

Takwimu za mauzo ya tiketi zinazotangazwa kila Jumatatu huweza kumpotosha msomaji. Dola milioni 8 zilizotajwa si fedha zilizoingia mfukoni mwa Metallica. Ni jumla ya kile ambacho watazamaji walilipa dirishani.

Kwa kawaida, wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha hizo. Katika nusu inayosalia, msambazaji hukata ada yake na gharama za matangazo, mabango na kuifikisha filamu kwenye kumbi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho humfikia aliyeigharimia filamu. Ndiyo maana katika biashara hii husemwa kuwa filamu hulazimika kuuza tiketi za walau mara mbili ya gharama zake kabla ya kuanza kuleta faida.

Kwa kipimo hicho, Metallica Through the Never ilihitaji mauzo yasiyopungua dola milioni 36. Ilipata chini ya robo ya kiasi hicho. Hata kama nusu nzima ya mauzo ingemfikia mwekezaji bila kukatwa chochote, zingekuwa dola milioni 4, dhidi ya milioni 18 zilizotumika.

Juma moja pekee kwenye skrini kubwa

Filamu ilianza kuonyeshwa tarehe 27 Septemba katika kumbi za IMAX zipatazo 300 nchini Marekani na Kanada. IMAX ni kumbi zenye skrini kubwa na sauti nzito, na tiketi zake huwa ghali kuliko za kawaida. Palikuwa mahali panapofaa muziki wa aina hii. Mpango ulikuwa mashabiki wa dhati waanze huko, wausambaze uvumi mzuri, kisha filamu ipanuliwe hadi kumbi za kawaida juma lililofuata.

Mwisho wa juma wa kwanza uliingiza takriban dola milioni 1.6, sawa na wastani wa dola elfu 5 na kitu kwa kila ukumbi kwa siku tatu. Tukikadiria tiketi moja kuwa dola 15, hao ni watu wapatao 350 kwa siku zote tatu, ilhali ukumbi mmoja wa IMAX huweza kuchukua mamia ya watu katika onyesho moja.

Hapakuwa na nafasi ya kurekebisha mambo. Tarehe 4 Oktoba ilitolewa Gravity, filamu ya wanaanga iliyotengenezwa vilevile kwa picha za pande tatu, nayo ikachukua skrini za IMAX na kuingiza zaidi ya dola milioni 55 Amerika Kaskazini katika siku zake tatu za mwanzo. Metallica ikasogea kwenye kumbi za kawaida, ambako ile tofauti ya ukubwa na sauti iliyokuwa hoja yake kuu haikuwepo tena.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Nchini Marekani filamu hiyo iliwekwa katika daraja la R, ambalo humzuia aliye chini ya miaka 17 kuingia bila mzazi au mlezi. Sehemu ya vijana ambao wangeweza kuwa mashabiki wapya ilibaki nje.

Mashabiki wengi, sababu chache za kwenda

Tofauti inaonekana wazi zaidi filamu hii inapowekwa kando ya nyingine ya mwaka huohuo. Mwezi mmoja kabla, kundi la vijana wa Uingereza na Ireland, One Direction, lilitoa filamu yake This Is Us. Iligharimu dola milioni 10 na kuuza tiketi za zaidi ya dola milioni 60 duniani kote. Shabiki wa One Direction alikuwa msichana wa shule ambaye huenda asingepata nafasi ya kuhudhuria tamasha lenyewe, na sinema ilimpa kile alichokikosa.

Shabiki wa Metallica alikuwa katika hali tofauti. Wengi walikuwa watu wazima waliokwisha kuiona bendi ana kwa ana, na majumbani mwao walikuwa na rekodi za video za matamasha yake. Bendi iliendelea kuzunguka dunia mwaka huo, ikiwemo Afrika Kusini, ambako ilitumbuiza Cape Town na Johannesburg mwezi Aprili. Kisa cha Trip kilikusudiwa kuwavuta hata wasio mashabiki. Hata hivyo, aliyetaka muziki alikatizwa na hadithi, na aliyetaka hadithi aliikuta fupi na isiyo na majibu. Hata yaliyomo ndani ya mzigo aliotumwa Trip hayafichuliwi hadi mwisho.

Somo lililotumika baadaye

Mshika mawili moja humponyoka, na inaonekana bendi iliuzingatia usemi huo. Mwaka 2019 Metallica ilirudi sinema na S&M², filamu ya tamasha ililofanya na orkestra ya San Francisco Symphony. Safari hii hapakuwa na mwigizaji wala madoido. Ilionyeshwa katika nchi nyingi tarehe 9 Oktoba kama tukio la usiku mmoja, na mauzo yake yakafikia takriban dola milioni 5.5. Kwa maneno mengine, usiku mmoja ulileta zaidi kidogo ya theluthi mbili ya kile ambacho filamu ya 2013 ilikipata kwa majuma kadhaa, tena bila gharama za mtindo wa Hollywood.

Mfano mkubwa zaidi ulikuja mwezi Oktoba 2023, pale mwimbaji Taylor Swift alipofanya makubaliano ya moja kwa moja na kampuni ya majumba ya sinema ya AMC, bila kupitia studio. Filamu ya ziara yake ya Eras iliuza tiketi za zaidi ya dola milioni 260 duniani. Tiketi za ziara yenyewe zilikuwa adimu na ghali mno, hivyo sinema ikawa mlango wa walioachwa nje.

Ukiziweka filamu hizi pamoja, kanuni inayojitokeza ni moja. Umaarufu wa mwanamuziki peke yake hauuzi tiketi za sinema. Kinachouza ni kiu ya kuona kitu kisichopatikana kwingine, na kinachoamua kama mauzo hayo ni faida au hasara ni gharama iliyotangulia. Mauzo ya dola milioni 8 yangekuwa mafanikio kwa filamu iliyotengenezwa kwa dola milioni 2. Kwa iliyotengenezwa kwa milioni 18, yalikuwa pigo.

Metallica haikutetereka kwa muda mrefu. Mwezi Desemba 2013 ilipiga muziki Antaktika mbele ya hadhira ndogo, na hivyo kuwa bendi ya kwanza kutumbuiza katika mabara yote saba ndani ya mwaka mmoja. Filamu yenyewe ilitolewa kwa ajili ya kutazamwa nyumbani mwezi Januari 2014. Bendi ilibeba hasara peke yake kwa sababu iliamua kuimiliki kazi yake peke yake, na muziki uliomo ndani ya filamu hiyo ungali mali yake hadi leo.