Afya, Hesabu na Kompyuta: Ajira Mpya Hospitalini

Kijana akisema anataka kufanya kazi hospitalini, wazazi wengi huwaza udaktari au uuguzi. Lakini hospitali za umma sasa zinahitaji pia mtu anayeelewa afya, pesa na mifumo ya kompyuta kwa pamoja.

Kwa nini sasa?

Mnamo Oktoba 2023, sheria nne za afya zilitiwa saini nchini. Mojawapo, Sheria ya Afya Dijitali, inasimamia utunzaji wa taarifa za wagonjwa kwa njia ya kielektroniki. Nyingine inaruhusu hospitali na zahanati za umma kubaki na pesa zinazokusanya ili kuboresha huduma. Kisha Oktoba 2024, SHA ikachukua nafasi ya NHIF.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua katika hospitali ya kaunti. Mkunga amefanya kazi yake vyema. Hata hivyo, dai la malipo likitumwa SHA likiwa na kosa, hospitali huchelewa kulipwa au hukosa kabisa, na mgonjwa anayefuata huenda akaambiwa anunue dawa nje. Anayeandaa dai hilo lazima ajue huduma iliyotolewa, gharama yake na mfumo wa kulituma.

Njia za kuanzia

• Aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusomea rekodi za afya na teknolojia ya habari katika KMTC. Diploma huhitaji wastani wa C, na cheti C-.

• Muuguzi au afisa wa afya ya umma aliye kazini anaweza kuongeza masomo ya usimamizi, au ya uhasibu yanayotahiniwa na KASNEB.

• Mhasibu au mtaalamu wa kompyuta aanze kwa kuifahamu zahanati: foleni, rejista na stoo ya dawa.

• Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 kote nchini, hutumia simu kurekodi hali ya afya ya kila boma. Uzoefu huo ni msingi mzuri wa masomo zaidi.

Kabla ya kulipa karo

Wasimamizi wa rekodi za afya wana bodi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Maafisa wa afya ya umma nao wana baraza lao. Waulize hao kama chuo na kozi vinatambuliwa. Usitegemee neno la ajenti. Wazazi huuza ng'ombe au kipande cha shamba kulipia kozi ambayo mwishowe haimpi mtoto leseni.

Anayetaka kuanzisha biashara ya programu za afya akumbuke kwamba taarifa za mgonjwa ni siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu hata akiwa na wateja kumi tu.

Nafasi za kazi za kaunti hutangazwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Kutuma maombi ni bure. Ukiitishwa pesa ili upewe kazi, usilipe, piga ripoti.