Moshi usiouona kwenye gari la shule

Mzazi anapotafuta gari la kumpeleka mtoto shule huangalia mambo yale yale: dereva ni mtu wa aina gani, watoto wanabanana wangapi kwenye siti moja, matairi si vipara? Moshi tunaupima kwa jicho. Gari likitoa moshi mweusi tunalikataa, lisipotoa tunalipa nauli. Kwa magari ya dizeli kipimo hicho kinaweza kukudanganya, na sababu ni kifaa kidogo ambacho mafundi wanakiita EGR.

EGR ni vali na bomba lake vinavyochukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini na kuurudisha ndani, uchanganyike na hewa mpya. Unaweza kujiuliza nani mwenye akili anayerudisha moshi ndani ya injini. Jibu ni kwamba moshi huo una oksijeni kidogo, hivyo joto ndani ya silinda linapungua. Joto likiwa kali mno, naitrojeni na oksijeni za hewani huungana na kuwa oksidi za naitrojeni. Mojawapo ya gesi hizo, naitrojeni dayoksaidi, huwasha na kuvimbisha njia za hewa, na mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi.

Mtoto ana balaa lake la ziada. Akilinganishwa na mtu mzima, anavuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake, mapafu yake bado yanakua, na kimo chake kiko karibu na ekzosi. Simama getini kwa shule yoyote ya mjini saa ya kutoka, magari yamepanga foleni yakinguruma ili kiyoyozi kisizimwe, utaona ninachosema.

Tatizo la EGR ni uchafu. Masizi ya dizeli yakikutana na mvuke wa oili ya injini hutengeneza utando mweusi unaonata, ambao baadaye hukauka na kuwa mgumu. Gari la shule ndilo linaloupata kirahisi: safari fupi, mwendo wa kobe, kusimama kila kona. Vali ikikwama wazi, gari linakosa nguvu mlimani, linatetemeka likiwa limesimama, linatoa moshi mweusi na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Hapo mwenye gari anakwenda gereji na kupewa njia mbili. Ya kwanza ni kufungua na kusafisha, kazi inayochukua muda na kuchafua mikono. Ya pili ni kuziba: kipande cha bati kinawekwa kati ya vali na bomba, au gololi inasukumwa ndani ya mpira wa vakyumu, mchezo umekwisha. Gari linavuta vizuri na moshi mweusi unapungua. Mwenye gari anafurahi, mzazi naye anafurahi. Lakini zile oksidi za naitrojeni zimepanda, na kwa macho huzioni.

Hili si jambo la gereji za mtaani tu. Septemba 2015 mamlaka za Marekani zilitangaza kuwa Volkswagen iliweka kwenye magari yake ya dizeli programu ya kudanganya vipimo; barabarani baadhi yalitoa oksidi hizo hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Nayo hayakuwa yakifuka moshi mweusi.

Masizi yenyewe pia si ya kuchezea. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo kuacha vali ikiwa imekwama wazi si jibu, na kuiziba si jibu. Inasafishwa.

Kama gari ni lako na fundi anakuja nyumbani, injini ipoe kwanza na betri ichomolewe. Vali inafunguliwa, inapuliziwa dawa ya kusafishia kabureta au ile ya EGR, inasuguliwa kwa brashi laini, na gasketi mpya inawekwa wakati wa kufunga. Sehemu yenye umeme isiloweshwe. Wengi hutumia mswaki wa zamani. Utupwe baada ya kazi, usirudi bafuni. Dawa hiyo inashika moto haraka na mvuke wake unalevya, kwa hiyo kazi ifanyike uwanjani, mbali na jiko, fundi akiwa na glavu na miwani, watoto wakiwa ndani. Gari lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu kaboni monoksaidi inaua na haina harufu.

Kwa gari la shule, muulize mwenye gari waziwazi: EGR imesafishwa lini, na je, imezibwa? Akisema hajui, omba fundi unayemwamini aangalie. Kwa jicho la fundi, bati lililochomoza ukingoni mwa vali linaonekana bila kufungua kitu, na mpira wa vakyumu anauchomoa kwa mkono kutazama kama una gololi. Mwambie mwenye gari aichunguze pia vali yenyewe, maana iliyopasuka au kulika haisafishiki, inabadilishwa.