Mwanafunzi Msemaji wa Kichina na Mitihani ya Lugha ya Kiingereza

Kila mwaka vijana wengi wa Kichina huketi kufanya mitihani ya lugha ya Kiingereza. Wengine huifanya ili waingie vyuo vikuu nchini mwao, na wengine ili wapate nafasi ya kusoma Uingereza, Marekani, Kanada au Australia. Katika hali zote mbili alama chache tu zaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia, na aghalabu akiba iliyowekwa na wazazi kwa miaka mingi ndiyo inayongoja matokeo hayo. Makusudi ya makala haya ni kueleza mambo yanayomtatiza mwanafunzi huyo, asili ya matatizo yenyewe, na njia za kujitayarisha zinazoelekea kumfaa. Msomaji wa Kiswahili atakuta kwamba baadhi ya mambo yanayomwelemea Mchina humwelemea yeye pia, na kwamba mengine yaliyo mepesi kwa Mswahili ni mazito kwa Mchina.

ASILI YA MITIHANI HII

Uchina ni nchi ya mitihani tangu kale. Tangu enzi ya wafalme wa ukoo wa Sui, karibu na mwanzo wa karne ya 7, maofisa wa serikali walichaguliwa kwa mitihani, na utaratibu huo ulidumu kiasi cha miaka 1,300 hata ulipofutwa mwaka 1905. Kwa sababu hiyo imani kwamba mtihani ni ngazi ya halali ya kumwinua mtu pamoja na jamaa zake ina mizizi mirefu.

Mafunzo ya lugha za kigeni chini ya serikali yalipata nguvu mwaka 1862, ilipofunguliwa mjini Beijing shule iliyoitwa Tongwen Guan, ili serikali iwe na wakalimani wake yenyewe. Katika miaka ya 1950 Kirusi ndicho kilichotangulizwa mashuleni. Baadaye Kiingereza kikashika nafasi hiyo. Mtihani wa taifa wa kuingia vyuo vikuu, uitwao gaokao, ulisimamishwa mwaka 1966 na kurudishwa mwaka 1977. Katika mikoa mingi mtihani huo una jumla ya alama 750, na somo la lugha ya kigeni, ambalo kwa wanafunzi walio wengi ni Kiingereza, huchukua alama 150, sawa na Kichina na sawa na hesabu. Tangu mwaka 1987 wanafunzi wa vyuo vikuu wana mtihani wao wa Kiingereza wa taifa, na mwaka 2001 wizara ya elimu iliagiza somo hilo lianze kufundishwa katika darasa la 3 la shule za msingi.

Wanaokusudia kwenda ng'ambo hukabiliwa na mitihani mingine. Iliyo mashuhuri ni TOEFL ya Marekani, iliyoanza mwaka 1964, na IELTS, iliyoanza mwaka 1989. Huo wa pili hupima mambo manne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kusema. Matokeo yake hutolewa kwa madaraja hadi 9, pamoja na nusu daraja. Vyuo vingi vya Uingereza hudai daraja la 6.5 au 7. Basi nusu daraja tu yaweza kumchelewesha mtu mwaka mzima.

MATAMSHI NA KUSIKILIZA

Hapana budi kukumbuka kwanza kwamba wasemaji wa Kichina hawana usemi mmoja. Msemaji wa lahaja ya Guangdong hutamka silabi zinazoishia kwa p, t na k. Msemaji wa Kichina sanifu hana silabi za namna hiyo. Silabi zake huishia kwa irabu, au kwa n, au ng, au kwa sauti ya r. Katika baadhi ya sehemu za kusini na magharibi, kama Sichuan na Hunan, watu wengi huchanganya n na l. Mwalimu asiyeuliza mwanafunzi wake ametoka wapi huenda akamtibu ugonjwa asiokuwa nao.

Katika Kichina sanifu konsonanti hazifuatani mwanzoni mwa silabi kama zifuatanavyo katika Kiingereza. Maneno ya kigeni yaingiapo hupewa irabu za kuyaegemeza: sofa huitwa shafa, na basi huitwa bashi. Mswahili haoni ajabu, maana yeye naye amefanya breki, benki na tikiti kwa njia hiyo hiyo. Lakini desturi hiyo nzuri ya kukaribisha maneno huwa kikwazo katika mtihani. Mwanafunzi huongeza irabu pasipostahili, au huimeza konsonanti ya mwisho. Na katika Kiingereza konsonanti hiyo ya mwisho ndiyo mara nyingi inayobeba habari ya wingi au ya wakati uliopita. Zaidi ya hayo, sauti asiyoitamka huelekea kutoisikia, kwa hiyo kosa la ulimi huwa pia kosa la sikio.

Sauti zilizoandikwa kwa Kiingereza th hazimo katika Kichina sanifu. Mswahili aliyezoea kusema thelathini na dhahabu anazo zote mbili, lakini Mchina huweka s au z mahali pake. Sauti ya v nayo si ya kawaida kwake, akaigeuza kuwa kama w. Tofauti ya irabu fupi na ndefu, kama ile ya ship (meli) na sheep (kondoo), humtatiza Mchina na Mswahili sawasawa.

Jambo jingine la sikio ni hesabu. Wachina huhesabu kwa makumi ya elfu, wan, kuwa kipimo kimoja. Watu 250,000 kwao ni wan 25, na milioni moja ni wan 100. Mtahiniwa asikiapo tarakimu kubwa kwa Kiingereza huzikata upya kichwani, na wakati anapozikata msemaji amekwisha kupita. Aliyekulia na laki katika Kiswahili aweza kuifahamu taabu hiyo. Dawa yake ni kuandika tarakimu moja kwa moja kwa jinsi zisikikavyo, bila kuzipitisha katika Kichina, na zoezi hilo lataka dakika chache kila siku.

SARUFI

Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo. Neno qu, yaani kwenda, ni lile lile jana, leo na kesho. Ni mimi, wewe au wao. Wakati hujulikana kwa maneno mengine katika sentensi, au kwa vineno vinavyoonyesha kama tendo limekwisha au laendelea. Mswahili, aliyezoea nilikwenda, ninakwenda na nitakwenda, haoni ugeni katika kitenzi kubeba alama ya wakati. Mchina hana budi kuijenga desturi hiyo upya. Kwa sababu hiyo hata mwanafunzi ajuaye kanuni vizuri huandika sentensi ya jana kwa kitenzi cha leo, khasa muda unapombana.

Majina ya vitu nayo hayana wingi wa lazima. Kwa vitabu vitatu Mchina husema san ben shu: san ni tatu, shu ni kitabu, na ben ni kineno cha kuhesabia vitu vya jamii ya vitabu. Viko vineno vingi vya namna hiyo: tiao kwa vitu virefu kama mto, njia au samaki, na zhang kwa vitu bapa kama karatasi na meza. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ngeli zake. Lakini Kiingereza hakina vineno hivyo kwa kitabu au mto, bali chadai wingi katika jina lenyewe, na chadai pia vijineno a na the, ambavyo Kichina hakina wala Kiswahili hakina. Kanuni za vijineno hivi ni nyingi, na haielekei kuzikariri zote. Afadhali mwanafunzi asome mengi, akayatia alama majina pamoja na vijineno vyake, hata sikio lizoee.

Katika usemi wa Kichina mwanamume na mwanamke huitwa ta, kama vile Kiswahili kisemavyo yeye kwa wote; tofauti huonekana katika maandishi tu. Kwa hiyo makosa ya he na she husikika sana katika mtihani wa kusema, hata kwa wanafunzi hodari.

Makosa mawili zaidi yastahili kutajwa kwa kuwa Mswahili huyafanya vile vile. La kwanza ni jibu la swali lenye kukanusha. Ukimwuliza Mchina, "Hukwenda?", aweza kujibu, "Ndiyo, sikwenda," maana anakubali yale uliyosema. Mwingereza husema, "Hapana, sikwenda." La pili ni sentensi za ingawa. Kichina husema suiran halafu danshi, kama Kiswahili kisemavyo, "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulikwenda." Kiingereza hutaka neno moja tu kati ya hayo mawili. Hali kadhalika yinwei na suoyi, yaani kwa sababu na kwa hiyo, huandamana katika Kichina, na huhesabiwa kosa zikiandamana katika Kiingereza.

MSAMIATI NA KUSOMA

Mwanafunzi wa Kichina anao uwezo mkubwa wa kukumbuka. Amefundishwa herufi kiasi cha 3,500 kabla ya kumaliza darasa la 9, na kila moja ameiandika mara nyingi. Uwezo huo si wa kudharauliwa, na mwalimu mgeni aubezaye amtupia mwanafunzi silaha yake iliyo bora.

Tatizo ni namna utumiwavyo. Orodha nyingi za maneno ya mtihani hupangwa kwa alfabeti, na miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa ni abandon, maana yake kuacha au kutupa. Wanafunzi wenyewe hutaniana kwamba kila aanzaye upya hukutana na neno hilo kwanza, kisha hulitii. Neno lililokaririwa peke yake hupata maana moja ya Kichina na hubaki nayo. Lakini maneno huandamana kwa desturi ya kila lugha: Mchina hula dawa, Mswahili hunywa dawa, na Mwingereza huichukua, Mchina hutazama kitabu pale ambapo wengine hukisoma. Basi lifaalo kukaririwa ni fungu la maneno, wala si neno pweke, na lirudiwe kesho, wiki ijayo na mwezi ujao.

Katika kusoma, ugumu mwingine hutokana na mpango wa sentensi. Kichina hutanguliza maelezo yote kabla ya jina linaloelezwa. Kiingereza, kama Kiswahili katika kitabu nilichokinunua jana, huyafuatisha nyuma ya jina. Sentensi ndefu yenye maelezo juu ya maelezo humfanya msomaji arudi nyuma mara kwa mara, na saa haimngoji: mtihani wa kusoma wa IELTS una maswali 40 kwa dakika 60. Zoezi lifaalo ni kutafuta kwanza mtenda na kitenzi chake, kisha kuyapachika yaliyobaki.

KUANDIKA NA KUSEMA

Insha kuu ya mtihani huo hutakiwa isipungue maneno 250. Biashara kubwa imejengwa juu ya insha za kuigwa: sentensi za ufunguzi, za kuunganisha na za kufunga, ambazo mwanafunzi huzijaza neno la mada tu. Kuiga ni mwanzo mzuri wa kujifunza, na katika maandishi ya Kichina kunakili kazi za mabingwa ni desturi ya heshima. Lakini mtahini aliyekwisha kusoma sentensi hizo mara mia huzitambua mara moja, na kwa kanuni za mtihani wenyewe, jibu likithibitika kwamba lilikaririwa lote halipati daraja. La maana zaidi ni kwamba insha ya namna hiyo haijibu swali lililoulizwa. Mwanafunzi yampasa aeleze rai yake mapema, aitolee sababu na mfano, na kila aya ishike jambo moja.

Wachina wenyewe wana jina kwa elimu ya Kiingereza isiyofika ulimini: huiita Kiingereza cha bubu. Mtu aweza kusoma miaka kumi, akafahamu makala magumu, na asiweze kuzungumza na mgeni. Mtihani wa kusema wa IELTS hudumu dakika 11 hadi 14, na katika sehemu ya pili mtahiniwa hupewa dakika moja ya kufikiri, kisha husema peke yake hadi dakika mbili. Wengi huogopa aibu ya kukosea mbele ya watu kuliko wanavyoogopa mtihani wenyewe. Ndiyo maana zile pembe za Kiingereza katika bustani za miji kama Beijing na Shanghai, ambako watu wasiojuana hukutana kuzungumza, zimewafaa wengi: huko kila mtu hukosea, na hapana atoaye alama.

MPANGO WA KUJITAYARISHA

Kutokana na hayo yaliyoelezwa, mpango wa busara waweza kuwekwa hivi. Kwanza, mwanafunzi afanye mtihani mmoja wa zamani kwa saa kamili, ajue upungufu wake uko wapi, maana wengi huzidisha kusoma, wanakojiweza, na kukwepa kusema, wasikojiweza. Pili, miezi ya mwanzo aitumie kwa lugha yenyewe: kusikiliza na kufuatisha kwa sauti, kusoma, na kuandika kidogo kila siku. Tatu, aweke daftari la makosa yake, akiyagawa kwa aina. Baada ya majuma machache ataona kwamba makosa hamsini ni ya aina tano au sita tu, na nyingi ya hizo zina asili yake katika Kichina. Nne, majuma ya mwisho ndiyo ya mitihani ya kujaribia kwa kufuata saa. Anayeigeuza ratiba hii, akaanza na hila za mtihani kabla ya lugha, huenda akapata cheti, kisha akaketi katika darasa la ng'ambo asifahamu mhadhara wa kwanza.

Daftari kama hilo lingemfaa pia mwanafunzi wa Afrika Mashariki, ambaye naye hupimwa kwa Kiingereza. Makosa yake mengi hayatokani na uvivu wala upungufu wa akili. Ni lugha yake ya kwanza inayoendelea kufanya kazi yake kwa uaminifu mahali isipotakiwa. Mwalimu aijuaye lugha hiyo aweza kumwonyesha mpaka ulipo, na mwanafunzi akiujua mpaka hatauvuka kwa bahati mbaya.